Ukija Kibirizi na kamera, tazama mwezi kwanza

Wewe unayeanza kazi ya kuzunguka mikoani kupiga picha za hali ya maisha, nikupe kosa langu la kwanza. Nililifanyia nyumbani, Kigoma.

Nilifika mwalo wa Kibirizi, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, saa nne asubuhi. Vijana wamelala juu ya nyavu, mitumbwi imepumzika, chanja za kuanikia dagaa tupu. Nikapiga. Picha ikatoka na maelezo niliyoyaandika mwenyewe: "Vijana wasio na kazi." Mzee mmoja wa mwaloni alipoiona alicheka, akaniuliza, "Mwanangu, usiku hukutazama juu?"

Ilikuwa mbalamwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi hubaki nchi kavu siku kadhaa, wakishona nyavu na kulipa deni la usingizi. Nilikuwa nimewaita wavivu bila kujua.

Dhiki ilikuwepo, ila si pale nilipoilenga. Ilikuwa kwenye daftari la madeni la duka, unga na mafuta ya taa vilivyokopwa mbalamwezi ili vilipwe giza likirudi. Ilikuwa kwa mama muanikaji wa dagaa ambaye mvua ikimwahi, mzigo wake unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Na mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, hata giza halikuleta kitu.

Takwimu zisome kabla ya safari. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Lakini mvuvi anaweza kuwa juu ya mstari wiki hii na chini yake wiki ijayo, shati likiwa lilelile. Ndiyo maana mimi siwindi tena mashati yaliyochanika.

Jina uliza. Picha ya mama mhamaji aliyopiga Dorothea Lange, mpiga picha Mmarekani, huko California mwaka 1936 ilizunguka dunia, lakini mama huyo, Florence Owens Thompson, alikuja kujulikana kwa jina mwaka 1978, akilalamika kwamba hakupata hata senti. Mtu wako mpelekee nakala iliyosafishwa, hata kama ni kwa kupanda boti tena.

Mwalo ule nilirudi miezi miwili baadaye, nikamwomba mwenye duka nipige lile daftari. Alikubali kwa sharti kwamba majina ya wadaiwa yasionekane, akayafunika mwenyewe. Kwenye picha unaona tarakimu, na kiganja chake.