Filamu iliyofutwa kwa vitisho

SWALI: Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha vichekesho hapa Chake Chake kinamaliza filamu. Tunasikia Sony Pictures iliwahi kuizuia filamu yake baada ya kompyuta kuvamiwa. Ilikuwaje, na sisi tujikinge vipi?

JIBU: Waalaykum salaam. Novemba 24, 2014 wafanyakazi wa Sony walikuta kompyuta zao zimetekwa. Wavamizi walikwiba barua pepe na filamu ambazo hazijatoka, kisha programu yao ikafuta diski. Desemba 16 wakatishia kumbi za sinema. Kumbi kubwa zikajitoa, na kesho yake Sony ikafuta uzinduzi wa The Interview, kichekesho kinachomlenga kiongozi wa Korea Kaskazini. Marekani iliishutumu nchi hiyo, nayo ikakana. Wiki moja baadaye filamu ikauzwa mtandaoni, kwa hiyo vitisho viliitangaza zaidi.

Kwenu nyinyi, diski ya akiba isibaki imechomekwa: kinachofuta kompyuta kitaifuta nayo. Wekeni nakala tatu, moja kwenye kompyuta ya kuhariria na mbili kwenye diski za nje, na diski moja ikae nyumba nyengine, tuseme Wete. Kila mkinakili, fungueni faili mulitazame. Nakala isiyojaribiwa si nakala. Unyevu wa pwani nao ni adui, basi tieni diski kwenye kopo linalofunga vizuri. Barua pepe ya kikundi iwe na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila kwanza, kisha tarakimu zinazokuja kwa simu, na tarakimu hizo asipewe mtu, hata akijidai fundi. Mkitishiwa, msijibu wala msifute: pigeni picha ya ujumbe, mpeleke polisi.