Msihesabu Kilomita: Majibu kuhusu Barabara ya San Juan na Miji Yake ya Migodi

Kila theluji inapoanza kuyeyuka, maswali kuhusu mzunguko wa milima ya San Juan, kusini magharibi mwa Colorado, huja kwa mafungu. Njia mnaijua: Durango, Silverton, Ouray, Ridgway, Telluride, Cortez, halafu Durango tena. Nimechagua maswali machache. Yale yanayouliza kama kuna hoteli nzuri Durango nimeyaacha.

Mzunguko wote ni kilomita 375 tu. Tukitoka Durango saa mbili asubuhi, si saa kumi jioni tutakuwa tumerudi? (Msomaji, Dallas)

Mtarudi, ila mtakuwa hamjaona kitu. Swali hili halikosekani mwaka wowote, na kila mara anayeuliza ameshalipia hoteli ya usiku mmoja. Tafadhali, kabla ya kulipa, itazameni ramani ya miinuko na si ya umbali peke yake.

Hizo kilomita si za Texas. Kutoka Durango hadi Ouray barabara inavuka vilele vitatu: Coal Bank, Molas na Red Mountain, na hicho cha mwisho kina mita 3,358. Kipande cha Silverton hadi Ouray hakizidi sana kilomita 40, lakini kuna kona ambazo kibao kinakuamuru ushuke hadi maili 10 au 15 kwa saa, na kibao hicho kinasema kweli. Kutoka Ouray hadi Telluride ndege angeruka kilomita 16 hivi. Wewe wa lami utazunguka mlima kwa karibu kilomita 80.

Na tuseme umefika. Unashuka garini Silverton, unapiga picha ya nyumba zilizopakwa rangi, unanunua kahawa, unaondoka. Watu waliishi pale, wakachimba, wakafa kwa vumbi la mawe na kwa theluji, wakagoma kudai siku ya kazi ya saa nane. Telluride migomo ya wachimbaji, kuanzia 1901 hadi 1904, iliishia kwa wanajeshi wa jimbo kuletwa, na wachimbaji wakafukuzwa mjini kwa treni. Haya huwezi kuyapata kwa kupita. Lala usiku mmoja Durango, mmoja Silverton, mmoja Ouray, mmoja Telluride. Kazi ikikubana sana, ziwe siku tatu. Mwenye siku moja tu aende Silverton na kurudi, asiuguse mzunguko.

Shikamoo. Mama yangu anaogopa sana kimo lakini anataka kuja. Tuanzie upande gani? (Msomaji, Minneapolis)

Marahaba. Anzieni Durango mkielekea kaskazini. Marekani gari linakwenda kulia, kwa hiyo ukitoka Silverton kwenda Ouray unakuwa upande wa ukuta wa mlima, na korongo la Uncompahgre liko ng'ambo ya njia ya pili. Mama akae mbele, kulia, mwamba uwe karibu yake. Ukija kinyume, kutoka Ouray kwenda Silverton, unapita ukingoni kabisa: mstari mweupe, kipande cha lami cha upana wa kiganja, kisha hewa tupu.

Nyuma yako watakuwepo wenyeji wenye haraka. Usishindane nao. Kuna sehemu zilizopanuliwa pembeni. Ingia, wapite, mama apumue, ndipo muendelee.

Nimeona picha za barabara hiyo. Nchi tajiri namna ile inashindwaje kuweka vizuizi vya chuma pembeni? Si uzembe huo? (Msomaji, Nairobi)

Si uzembe. Theluji ya pale ni nyingi mno, na magari ya kuisukuma yanahitaji mahali pa kuimwaga, napo ni bondeni. Ukiweka vizuizi, theluji inakwama barabarani na njia inafungwa kwa wiki. Tena barabara imechongwa ubavuni mwa mwamba, na penye nafasi ya magari mawili tu hakuna pa kuweka zaidi.

Aliyeifungua njia hii ni Otto Mears, mhamiaji kutoka milki ya Urusi, katika miaka ya 1880, ili madini yatoke Red Mountain kufika Ouray. Ilikuwa barabara ya kulipia. Lango la ushuru aliliweka kwenye maporomoko ya Bear Creek, mahali ambapo mwenye punda au mkokoteni hana pa kukwepea. Simameni hapo muangalie chini. Na mkiwa kwenye njia ya Red Mountain, tafuteni mnara wa kumbukumbu wa madereva wa magari ya theluji waliofunikwa na maporomoko ya theluji wakiifungua barabara hiyo kwa ajili ya wengine. Wengi huupita wakiwa wameinamia simu.

Na wewe uliyezoea kuendesha kushoto, usiifanye njia hii kuwa somo lako la kwanza la kuendesha kulia. Kaa siku mbili tatu barabara za tambarare kwanza.

Januari kuna bei nafuu. Vipi? (Msomaji, Atlanta)

Hapana. Barabara huwa wazi, lakini hufungwa ghafla kwa sababu ya maporomoko ya theluji, na wewe wa Atlanta hujui kuendesha kwenye barafu. Nenda kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Oktoba. Wiki ya mwisho ya Septemba majani ya mipopla yanakuwa ya dhahabu milima mizima, ila na watu nao wanajaa.

Gari letu ni la otomatiki. Kuna cha kuzingatia kwenye mteremko? (Msomaji, Phoenix)

Kuna jambo moja, na kila dereva wa lori aliyewahi kushuka mlima Kitonga kule Tanzania atakuambia: mteremko hushukwa kwa gia, si kwa breki. Hata otomatiki ina gia ya chini. Iweke kabla mteremko haujaanza. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta pa kusimama zipoe. Na jaza mafuta Silverton, maana hadi Ouray hakuna kituo.

Tunatoka Houston. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja ana selimundu, lakini sasa hivi anaendelea vizuri. Kuna tatizo? (Mzazi)

Dada au kaka, kuna tatizo kubwa, na nashukuru umeuliza kabla ya kulipia. Juu kule kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko ya Houston, na oksijeni ikipungua mwilini ndipo chembe nyekundu za mwenye selimundu zinapojikunja na kuziba mishipa. Durango yenyewe iko karibu mita 2,000, Silverton ni 2,840. Msiende bila daktari wake wa damu kusema ndiyo kwa kinywa chake. Akisema hapana, iacheni safari hiyo.

Niongeze jambo ambalo halikuulizwa, kwa sababu kwetu Afrika Mashariki linagusa nyumba nyingi. Hata mtu asiyeumwa, aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu milimani, hasa akijitahidi kupanda kwa miguu. Wengi wetu hatujawahi kupima. Pimeni. Mtu akishikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, msimpe dawa ya tumbo mkaendelea na safari. Mshusheni chini na mmfikishe hospitali, na muwaambie madaktari kuhusu selimundu. Silverton haina hospitali. Ziko Durango na Montrose.

Kwa wengine wote: usiku wa kwanza laleni Durango, kunyweni maji, pombe isubiri. Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni onyo. Vikizidi, dawa ni kushuka.

Simu yangu inaonyesha njia ya mkato kutoka Ouray hadi Telluride kupitia Imogene. Itatuokolea saa nzima? (Msomaji, Columbus)

Imogene ina karibu mita 4,000. Ni njia ya mawe, upana wa gari moja, inayotaka gari la juu lenye kuendesha magurudumu yote manne na dereva anayejua anachofanya. Jirani yake, Black Bear, ni mbaya zaidi. Soma mkataba wako wa gari la kukodi: mingi inakataza barabara zisizo na lami, na ukikwama gharama ya kuvutwa ni yako. Simu inaona mstari tu, haioni mawe. Na mtandao utapotea mara nyingi njiani, kwa hiyo pakua ramani mapema, na ya karatasi iwe ndani ya gari.

Migodi iliyoachwa, mtu anaweza kuingia akaokota hata kipande cha dhahabu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usiingie. Hewa ndani inaweza kuwa haina oksijeni, mbao zimeoza, sakafu zina mashimo, na mengi ya maeneo hayo yana wenyewe. Karibu na Silverton kuna mgodi wa Old Hundred, ambako wageni huingizwa kwa kitreni na waongozaji. Lipa kiingilio, uvae kofia ngumu, usikie mashine ya kutoboa mwamba ilivyokuwa ikipiga kelele.

Kuna vijito vya rangi ya chungwa Silverton. Ni madini? Watoto wanaweza kuchezea maji? (Msomaji, Aurora)

Wasichezee, na wasiyanywe kamwe. Rangi ile ni chuma. Mwamba wa San Juan una pairiti nyingi, yaani madini ya chuma na salfa. Ulipochimbwa, maji na hewa vikaifikia, ikatoka tindikali inayoyeyusha zinki, risasi na kadimiamu na kuzipeleka mtoni. Sehemu ya wekundu ule ni ya asili, milima ya Red Mountain ilikuwa myekundu kabla ya mchimbaji wa kwanza. Lakini migodi iliongeza sana. Tarehe 5 Agosti 2015, kikosi kilichofanya kazi chini ya shirika la mazingira la serikali kuu kilikuwa kikichokonoa mlango wa mgodi wa Gold King, juu ya Silverton. Maji yaliyokuwa yamejaa ndani yakapasuka nje, lita kama milioni 11. Mto Animas ukawa wa rangi ya haradali hadi Durango na kuendelea New Mexico, na wakulima wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, wakafunga mifereji yao. Mgodi wa mwisho mkubwa wa Silverton ulikuwa umefungwa tangu 1991. Gharama bado zinalipwa.

Ninyi mnaotoka kwenye jamii zenye migodi, Katanga au Geita, kiangalieni kijito hicho kwa dakika kadhaa.

Na kabla ya wachimbaji palikuwa na Waute, wenyeji wa asili wa milima hii. Mkataba wa 1873 uliwanyang'anya milima hii kwa sababu ya madini, na mwaka 1881 Waute wa bonde la Uncompahgre wakasukumwa na wanajeshi hadi Utah. Mji wa Ouray una jina la chifu wao. Makumbusho yao yako Montrose, dakika arobaini hivi kutoka Ouray. Wapangaji wengi wa safari hawaliandiki hilo kwenye ratiba, liandikeni.

Watoto watapata nini Ouray? (Mzazi, Denver)

Bwawa la maji ya moto yatokayo ardhini. Hawatataka kutoka.

Tunaishi Denver, tuna Jumamosi moja tu. (Msomaji)

Nendeni Leadville, mji mwingine wa migodi nje ya mzunguko huu, mita 3,094. Utajiri wa madini ya fedha ulilipuka pale mwishoni mwa miaka ya 1870, ukaanguka 1893 serikali ilipofuta sheria iliyoilazimu kununua madini hayo. Horace Tabor alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa jimbo, akafa 1899 akiwa amefilisika. Mkewe, Baby Doe, alikutwa amekufa kwenye kibanda cha mgodi wa Matchless mwaka 1935. Kibanda kipo. Lakini fikeni pia makaburi ya Evergreen, upande walikolazwa zaidi ya watu 1,000, wengi wao wahamiaji wa Ireland na watoto wao, bila jiwe wala jina juu ya kaburi. Sisi tuliokuja nchi hii kutafuta maisha tunapaswa kufika pale kabla ya kwenda dukani.

Ukilazimika kuchagua mji mmoja tu wa kulala? (Msomaji, Seattle)

Silverton, usiku mbili. Treni ya mvuke iliyoanza kufika pale 1882 hushusha watu mchana na kuwarudisha Durango jioni, kwa hiyo mitaa inajaa saa chache tu. Asubuhi anzia jela ya zamani ya wilaya, ambayo sasa ni makumbusho. Mambo ya juu zaidi, kama mabaki ya mji uliohamwa wa Animas Forks, yamalize kabla ya saa sita, maana Julai na Agosti radi hupiga karibu kila alasiri. Barabara ya huko haina lami. Kama gari lako si la juu, tafuta safari za jeep zinazoondoka mjini. Vyumba ni vichache, weka nafasi mapema.