Ngazi za The Exorcist: nenda, ila asubuhi

Mdogo wangu wa Shangani, umeuliza kama siku yako moja ya mapumziko Washington, baada ya semina, inafaa kutumika kwenda kuona ngazi za The Exorcist (1973), ile filamu ya kutisha ya binti aliyepagawa na pepo. Inafaa. Zipo mtaa wa Georgetown, zinashuka kutoka Prospect Street hadi M Street, vidato 75. Ni njia ya watu wote, hulipi hata senti. Treni za Metro hazifiki pale. Shuka kituo cha Foggy Bottom, kisha tembea au panda basi.

Ile nyumba ya kwenye filamu, iliyo jirani na ngazi, usiipigie hodi, ni makazi ya watu. Na usishangae ukiona ukuta wake uko mbali na ngazi: watengenezaji waliongeza ubavu wa bandia ili padri wa kwenye filamu, akitoka dirishani, apate kuangukia kwenye ngazi. Chumba cha yule binti kilijengwa studio, New York.

Vaa viatu visivyoteleza, mteremko ni mkali. Asubuhi utawakuta wenyeji wanapanda na kushuka kwa mazoezi, wanahema, hofu yote inayeyuka. Kwa kuogofya, mimi bado naviogopa zaidi vichochoro vya Mikindani umeme ukikatika.