Ukinunua kuni, usianze kwa kuuliza ni mti gani

Vijana wanaoanza kazi ya kupika kwenye shughuli huniuliza swali lilelile: kuni za mti gani zina moto mkali? Nimepika pilau za harusi na wali wa hitima hapa Tanga kwa miaka mingi, kwa kuni, vifuu, makumbi, mkaa na hata magunzi, na jibu langu huwa linawakera kidogo. Kuni zikikauka sawasawa zikapimwa kwa mizani, joto la miti karibu yote linakaribiana. Ni megajuli 18 hadi 20 kwa kilo isiyo na maji kabisa, iwe mgunga, mwembe, mkaratusi au hata msufi ule mwepesi. (Megajuli moja inatosha kuchemsha takriban lita 3 za maji ya bomba kama hakuna joto linalopotea. Kwenye mafiga linapotea jingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 80, lakini hilo ni kosa la jiko, si la kuni.)

Kinachozitofautisha kuni kwanza kabisa ni maji.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukinunua kilo 20 za kuni za namna hiyo, umelipia kilo 10 za maji, na bado moto utalazimika kuyageuza yote kuwa mvuke kabla hujafaidi. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa megajuli 8 hivi. Kilo moja ya kuni iliyoanikwa hadi unyevu ukashuka kwenye asilimia 15 hutoa kama 15, karibu maradufu.

Hasara haiishii hapo. Ukuni ukifika nyuzijoto 200 hadi 300 huanza kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka tukaona ndimi za moto. Sehemu kubwa ya ukuni mkavu, robo tatu ya uzito wake au zaidi, huondoka kwa njia hiyo. Kinachosalia ni makaa na majivu. Sasa moto ukipozwa na maji, gesi zinatoka lakini haziwaki. Zinakuwa moshi unaowaliza wapishi na kuipaka sufuria masizi. Kwa hiyo ukiona moshi mzito, jua hizo ni kuni ulizozilipia zinazopaa bila kupika kitu.

Kukagua ukavu hakuhitaji kifaa. Tazama ncha za ukuni: ukiwa mkavu una nyufa zinazoanzia katikati, na ganda linabanduka kwa kidole. Gonganisha vipande viwili. Vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio uliofifia. Mwenye mizani ya jikoni afanye jambo moja la uhakika zaidi: apime vipande vichache, aandike uzito wake, aviweke juu ya jiko la moto wa wastani visiungue, apime tena hadi uzito uache kushuka. Kilo iliyobaki gramu 700 ilikuwa na maji asilimia 30, na kuni hizo bado hazifai.

Uzito wa mkononi peke yake unadanganya, na hapa wengi wanaliwa hela zao. Mti mwepesi uliojaa maji unaweza kulemea mkono sawa na mti mgumu uliokauka. Hakikisha ukavu kwanza, ndipo uzito uwe na maana. Na una maana kwelikweli, kwa sababu sokoni hakuna anayekuuzia kuni kwa kilo. Tunanunua kwa tita, kwa mkokoteni, kwa lori. Mkaa kwa gunia, debe au kopo. Katika tita la ukubwa uleule, mgunga mkavu umebeba mti mwingi kuliko msufi, ndiyo maana una joto zaidi, unaungua taratibu na kuacha makaa yanayodumu. Mvinje nauweka juu ya yote kwa huku pwani: ni mzito, unapandwa mashambani, unakua upesi, na hukubali moto hata kabla haujakauka vizuri. Mbuyu usijisumbue nao, ni sifongo.

Pasua kuni kabla ya kuzianika. Maji hutoka kwenye ncha na kwenye uso uliopasuliwa, ganda huyazuia. Kipande cha unene wa kifundo cha mkono hukauka kwa wiki kadhaa za kiangazi, lakini gogo zima lenye ganda litakula miezi na bado ndani liwe bichi. Zipange juu ya matofali zisiguse ardhi, funika juu tu, pande uziache wazi upepo upite. Nanunua kuni za masika mapema, kabla wingu halijatanda, maana mvua ikishaanza muuzaji hana namna ya kukuuzia kikavu, hata akiapa.

Baada ya hapo ndipo naangalia kazi yenyewe. Kuchemsha sufuria kubwa ya maji ya pilau kunataka ndimi ndefu za moto. Hapo vipande vyembamba ndivyo vinavyofaa, kwa sababu hewa inaviona pande zote. Mabanzi ya msonobari kutoka viwanda vya mbao vya Mufindi yanawaka mara moja kwa ule utomvu wake, ila yanaacha masizi meusi na kuisha haraka. Miti ya mbaazi ikishavunwa ni kuni nzuri sana za kukokea, wakulima wengi wa Kusini wanazijua. Magunzi nayo yana joto zuri, ila ni mepesi na yana vitundu vidogo vingi: yanashika upesi na kuisha upesi, makaa yake hayana nguvu. Ukiyategemea, weka mtu wa kuchochea asiyetoka hapo. Mabua ndiyo usiseme, hayakupi nafasi hata ya kukata kitunguu.

Kupalia ni kazi nyingine kabisa. Wali ukishakaukia, au mkate wa kumimina ukishamiminwa, unataka joto la utulivu juu na chini, lisilo na ndimi. Hapo mnazi hauna mpinzani. Vifuu ni vigumu na vizito. Vikianza vinawaka kwa moto mkali na moshi, kwa hiyo viwashe pembeni hadi viwe makaa mekundu, kisha vihamishie juu ya mfuniko. Makumbi makavu huungua ndani kwa ndani, polepole, na yanafaa kushikilia moto kwa muda mrefu. Makumbi mabichi yana maji ya kutisha, yaanike kwanza.

Pumba za mpunga zinastahili onyo, kwa sababu hutolewa karibu bure mashineni na watu hudhani wameokota dhahabu. Joto lake ni megajuli 13 hadi 15 kwa kilo, si haba. Tatizo ni majivu: kilo 100 za pumba huacha kama kilo 20 za majivu, wakati kuni nyingi huacha kilo moja au mbili hivi. Majivu hayo karibu yote ni silika, madini yaleyale ya mchanga, yanabaki na umbo la pumba na kuzuia hewa isipite, hivyo rundo linafuka tu. Kwenye tanuri la matofali, ambako moto wa polepole ndio unaotakiwa, pumba zinafanya kazi nzuri. Kwa chakula, uwe na jiko lililotengenezwa kwa ajili yake. Na majivu yake yamwagie maji kabla ya kuyazoa, vumbi la silika si la kuvuta.

Jiko lenyewe linaweza kubadili hukumu yote. Viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC Moshi huchoma mabaki ya miwa yenye maji karibu nusu na kupata mvuke na umeme, kwa sababu matanuri yao yamejengwa kwa ajili hiyo. Mafiga yetu hayawezi.

Mkaa una megajuli 28 hadi 30 kwa kilo kwa kuwa gesi zake nyingi zilishatolewa tanurini. Ndiyo maana hauna moshi wala ndimi. Lakini tanuri la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo hesabu ya joto tusiimbe sana. Chagua mkaa unaolia kama kigae ukiuangusha. Vipande vya kahawia havikuiva na vitafuka. Mkaa mbadala unaofinyangwa kwa chenga za mkaa na unga wa muhogo ni mzuri kwa maharage: unachelewa kushika, kisha unatulia. Uliofungwa kwa udongo mwingi una majivu mengi na joto kidogo.

Kuna vitu sikubali viingie jikoni kwangu. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi na moshi wake unachoma macho na koo. Waachie wenye viwanda. Mabaki ya nguzo za umeme na mbao zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani huwa na aseniki, sumu inayotoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu.

Na mkaa usio na moshi usikufanye uuingize chumbani. Unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Mvua ikianguka katikati ya shughuli, funga turubai juu, mbali na ndimi, na acha pande zote wazi, hata kama upepo utamaliza mkaa haraka.