Jino kuacha kuuma si kupona
Dada, umeuliza kama bado utibiwe mzizi wa jino ilhali maumivu yamekatika. Nenda. Mara nyingi yakikatika ghafla ni kwamba mshipa wa fahamu ulio ndani ya jino umekufa, na usaha unaweza kuendelea kujikusanya chini. Gego langu la juu lilinyamaza wiki mbili, kisha nikaamka shavu limevimba, jicho halifunguki. Daktari wa meno hapa Kampala alinichoma ganzi, akatoboa juu, akasafisha mifereji ya ndani ya mizizi kwa visindano vyembamba kama uzi, akaiziba. Ganzi ikishika unasikia mtikisiko tu. Uliza mapema bei ya kofia ya jino, maana gego lililotibiwa hivi lisipofunikwa hupasuka kirahisi, hata kwa muwa. Ukipata homa au ukashindwa kumeza, usingoje miadi, nenda leo leo.