Mkipewa kipindi cha "njia nyingine za kuandika", slaidi acheni nyumbani

Semista iliyopita lekchara wetu hapa Tabora alitugawa kwenye magrupu, kila grupu lisimamie kipindi kizima cha saa mbili, sisi watano tukaangukia mada ya njia nyingine za kuandika kazi za chuo, yaani tofauti na ile ya utangulizi, kiini, hitimisho tuliyotoka nayo tangu fomu wani. Tukajua tumeokota dodo. Kila mtu akachukua kipande chake, akadesa (akanakili) anapojua, usiku wa mwisho tukaunganisha, slaidi 34!

Dakika ya ishirini umeme ukakatika na nawaambia ukweli sikusikitika, maana nusu ya darasa ilikua kwenye simu. Hebu fikiria, tumesimama mbele kuwaambia watu kuna namna nyingine ya kuandika huku sisi wenyewe tunasoma slaidi kama taarifa ya habari.

Kilichotuokoa ni mwenzetu mmoja kwao Sikonge, baba yake ni mrina asali. Projekta imezima, watu wanaanza kupiga stori, yeye akatoa asaimenti yake ya zamani ya ufugaji nyuki akasoma aya ya kwanza, "ufugaji nyuki ni shughuli muhimu ya kiuchumi duniani", alafu akaiweka chini akaanza kusimulia baba yake anavyopanda mti usiku na kienge kinafuka moshi, kwa nini bado anatumia mzinga wa gome wakati kila mtu anajua ukishauchuna mti gome lote kuzunguka shina unakufa, na jibu lenyewe ni rahisi tu, gome halinunuliwi na mzinga wa kisasa unanunuliwa. Darasa kimya. Lekchara akauliza, "Hayo yote kwenye asaimenti yako yako wapi?" Hayakuwepo hata mstari mmoja.

Kwahiyo ushauri wangu, anzieni hapo. Mada moja, iandikwe mara mbili, isomwe kwa sauti, watu waone wenyewe. Ile aya ya kwanza anaweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kuona mzinga, ya pili ina hoja, ina sababu, ina ushahidi, na bado ni ya kitaaluma.

Baada ya hapo waandikisheni. Kuna ile ya kuandika dakika 10 bila kusimama wala kufuta, Mmarekani Peter Elbow aliisemea sana kwenye kitabu chake cha mwaka 1973. Sisi tukaongeza sharti letu, lugha yoyote, Kiswahili, Kiha, Kinyamwezi, changanya. Watu waliojaza kurasa mbili siku hiyo ndio walewale ambao kwa Kiingereza aya moja inawachukua jioni nzima. Kiingereza kitakuja baadae kwenye kusafisha, kwanza wazo litoke.

Jiandaeni pia na ubishi wa "mimi", yaani mwandishi kujitaja. Utaambiwa sekondari tulikatazwa. Sawa, lakini APA hiyohiyo tunayotishiwa nayo, ule mtindo wa kuandika na kutaja vyanzo, inaruhusu ujitaje pale unapoeleza kitu ulichofanya wewe. Tabu ni nyingine na hii ilituchukua karibu nusu saa: ukiongea na mzee ukamnukuu, APA inamhesabu kama mawasiliano binafsi, anatajwa ndani ya maandishi tu na kwenye orodha ya marejeo haingii, kwa sababu msomaji hana pa kumpata. Bibi yangu wa Ujiji ameanika dagaa miaka na miaka, anajua biashara ile kuliko notsi zozote, alafu kwenye marejeo hayupo! Iliniuma na bado inaniuma. Tulichokubaliana ni hivi, omba ruhusa, rekodi, andika mazungumzo yote uyaweke kwenye viambatisho, angalau atakaetaka kuhakiki ana pa kuanzia.

Ngonjera nazo msizidharau. Tumezikariri shule ya msingi tukaziacha hukohuko, kumbe mule ndani kuna watu wawili wanabishana, huyu anatoa hoja yule anaijibu, mpaka mmoja anakubali. Si ndio hivyo tunavyoambiwa tubishane na waandishi tuliowasoma? Mmoja wetu alitunga beti sita juu ya simu darasani, akashangiliwa, alafu lekchara akauliza vyanzo viko wapi, jamaa akabaki anacheka. Vina na mizani havikutoi kwenye kutaja ulikotoa habari.

Ila swali lililotukamata vibaya lilitoka nyuma kabisa, "Sasa na mtihani nitaandika hivi nile sapu?", yaani afeli arudie mtihani. Hatukua na jibu. Mnaosimamia kipindi kama hiki mfuateni lekchara wiki moja kabla, mumuulize kazi ya namna hii ataisahihishaje, hoja maksi ngapi, ushahidi maksi ngapi, lugha maksi ngapi, muende na karatasi ya maksi mkononi, la sivyo wenzenu watafurahi siku hiyo moja na kesho yake wanarudi kwenye "ni shughuli muhimu duniani", na wala usiwalaumu.

Sisi tulipata 14 kwa 20. Tulikatwa kwa kuzidisha muda, na mmoja wetu mpaka leo anasema umeme ndio ulituangusha.