Barua kwa mwanangu: kabla hujajiunga na Mapadre Weupe

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ukijiunga na Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, utakuwa mtawa, na kwa nini hawapendi padre wao aishi peke yake.

Si watawa. Wao ni shirika la maisha ya kitume. Hawaweki nadhiri za kitawa; hula kiapo cha kimisionari cha maisha yote, kisha ndipo wanapewa ushemasi, daraja la kabla ya upadre. Usidhani kiapo ni chepesi kuliko nadhiri: kinakufunga kwenda utakakotumwa, na mara nyingi si kwenu.

Askofu Mkuu Charles Lavigerie alilianzisha shirika hili Algiers, nchini Algeria, mwaka 1868, baada ya njaa na kipindupindu kuacha yatima wengi. Kanzu nyeupe na joho aliyachukua kwenye mavazi ya watu wa huko. Aliwataka wamisionari wajifunze lugha ya wenyeji, waishi karibu na maisha yao, na wasikae pungufu ya watatu. Hilo la watatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Mmoja akishikwa na homa, wa pili anamuuguza na wa tatu anaendelea na kazi. Na homa haikuwa jambo la kufikirika: katika msafara wa kwanza wa 1878 kuelekea Maziwa Makuu, Padre Pascal alifariki hata kabla ya kufika Tabora.

Jambo jingine ni ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, wa miaka minne. Lavigerie aliogopa ubatizo wa haraka, kwa kuwa aliyebatizwa bila mafundisho ya kutosha huanguka akijaribiwa. Uganda ilionyesha maana yake. Mapadre walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1879, wakaondoka mwishoni mwa 1882 kwenda kukaa Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria. Waliporudi mwaka 1885 walikuta waamini wameongezeka, wamefundishana wenyewe. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani yao. Lwanga alikuwa amebatizwa miezi michache tu nyuma, maana mateso ya Wakristo yalipoanza, ile miaka minne haikuweza kusubiriwa.

Lengo lilikuwa Kanisa lisimame kwa watu wake lenyewe. Kwa hiyo walijenga seminari mapema, na mwaka 1939 Joseph Kiwanuka, Mganda na mwanashirika wao, akawekwa wakfu kuwa askofu na kupewa Masaka. Nao walei, waamini wasio mapadre wala watawa, walipewa kazi nzito: Adrien Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alisomeshwa utabibu Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889 na kutibu watu hapo hadi alipofariki 1956.

Ukiamua, anza kwa mlezi wa miito, yule anayewaongoza vijana wanaotaka kujiunga. Malezi kwa kawaida ni falsafa, mwaka wa kiroho, miaka miwili ya mafunzo ya kichungaji, mara nyingi nje ya nchi yako, halafu teolojia. Hiyo miwili ndiyo migumu: lugha mpya, chakula kipya, na watu wasiokujua. Muulize mlezi kuhusu hiyo kwanza.

Baba yako